Kafeini, Uchovu na Mwanamke wa Kilimanjaro

Wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003, huanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, Moshi, kisha hupanda mteremko kuelekea Mweka katikati ya migomba na mibuni. Mteremko huohuo hupandwa kila siku na wanawake waliobeba majani ya ng'ombe kichwani, shingo zimekazwa, mkono mmoja umeshika mzigo. Makala haya yanadai kwamba faida ya kafeini kwa mwanariadha mwanamke imethibitika, ila faida hiyo haimhamii mbeba mzigo.

Kiini cha faida hiyo kimo ubongoni. Adenosini hutuliza ubongo na kuleta uchovu. Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini na kuizuia isifanye kazi. Gunnar Borg wa Sweden alibuni kipimo cha 6 hadi 20, ambacho mtu hutumia kutaja mwenyewe ugumu anaouhisi. Mwaka 2005, Doherty na Smith walijumlisha tafiti zilizokuwepo, wakakuta kafeini inashusha ugumu huo kwa asilimia 5.6 wakati wa zoezi, na kwamba kushuka huko kunaeleza takriban asilimia 29 ya tofauti katika ongezeko la ufanisi.

Wengi waliopimwa katika tafiti za namna hii ni wanaume. Hata hivyo, mwaka 2019 Skinner na wenzake waliwapa wanariadha wa baiskeli wa jinsia zote miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito: wanawake waliongeza ufanisi kwa asilimia 4.3, wanaume 4.6. Kwa mwanamke wa kilo 55 hizo ni miligramu 165, karibu vikombe viwili vya kahawa, kabla ya mbio.

Hata hivyo, mwili wa mwanamke una hesabu zake. Vidonge vya uzazi wa mpango na ujauzito huchelewesha kafeini kutoka mwilini. Nalo Shirika la Afya Duniani humshauri mjamzito anayezidisha miligramu 300 kwa siku apunguze. Tena kahawa inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kufyonzwa, nayo hupotea kila hedhi.

Je, basi, mbeba majani naye apewe kikombe? Mkimbiaji amejichagulia umbali, na akifika atapumzika. Mwenzake akifika nyumbani anasubiriwa na ng'ombe, kuni na jiko. Kwake uchovu ni onyo, na kafeini hulififisha onyo hilo bila kupunguza hata gramu moja inayokandamiza shingo na magoti.

Kahawa ilifika Kilema, mkoani Kilimanjaro, mwaka 1898 kupitia wamisionari Wakatoliki, na mikono ya wanawake imeichuma kwa zaidi ya karne moja. Watafiti wa Moshi wana deni kwao. Waanzie kwenye kihamba, shamba la familia la migomba na mibuni: mzigo upimwe kwa mzani, na swali la Borg liulizwe kabla mama hajautua.