Nafasi Kati ya Maneno Mawili

Siku moja mwaka 1976, katika maabara za Bell Labs, New Jersey, Steve Johnson aliingia ofisini kwa Stuart Feldman akitukana. Asubuhi yake yote ilikuwa imepotea akisaka kosa ambalo tayari alikwisha kulirekebisha. Faili lilikuwa sahihi, ila halikuwa limepitishwa upya kwenye kompaila, na alichokuwa akikiendesha ni programu ya zamani. Feldman naye jioni iliyotangulia alikuwa amehangaika na balaa kama hilo. Wikiendi hiyo akaandika Make.

Kazi ya Make ni rahisi kuieleza. Inatazama saa ambayo kila faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Malighafi ikiwa mpya kuliko kilichotengenezwa kutokana nayo, inatengeneza tena, na visivyoguswa inaviacha. Maelekezo yenyewe huandikwa kwenye faili liitwalo Makefile, na kila mstari wa amri lazima uanze kwa Tab. Ukiweka nafasi za kawaida badala ya Tab, macho hayaoni tofauti, lakini Make inagoma. Feldman alilijua tatizo hilo mapema. Wiki chache tu zilikuwa zimepita, watumiaji wake ni kama dazeni moja, wengi wao marafiki, na hakutaka kuwavurugia kazi. Akaiacha Tab ilivyo.

Kisa cha Tab husimuliwa sana, na kinachekesha. Mimi naona kilichogharimu zaidi ni kitu kingine cha enzi hiyohiyo, ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa uamuzi.

Ndani ya Make kila kitu ni maandishi. Kigeu, yaani jina linalobeba thamani ili itumike mahali pengine, hakijui orodha ni nini. Ukiandika OBJ = main.o hesabu.o, wewe unaona mafaili mawili; Make imeshika maandishi marefu, na kinachotenganisha faili na faili ni ile nafasi tupu katikati. Pale Bell Labs hilo halikumuumiza mtu. Jina la faili kwenye Unix ya wakati ule halikuzidi herufi 14. Nani angepoteza moja kwa kuweka nafasi?

Mwaka 1979 toleo la saba la Unix likatoka na sheli mpya ya Stephen Bourne. Sheli hapa si kituo cha mafuta, ni programu inayopokea amri na kuzitekeleza. Bourne aliipenda lugha ya ALGOL 68, ambamo neno la kufungua hufungwa kwa kuligeuza: if hufungwa na fi, case na esac. Kitanzi kinachoanza na do kingefungwa na od, lakini od lilikuwa tayari jina la programu nyingine, ndiyo maana mpaka leo tunaandika done.

Kitanzi hicho ndicho kilichowapa watu uwezo wa kusema: kwa kila faili lililomo humu, fanya hivi. Lakini sheli nayo ilifuata desturi ileile. Kigeu kisipozungushiwa alama za kunukuu, sheli hukifungua, kisha hukikata penye kila nafasi. Ukikiweka kitanzi ndani ya Makefile mambo yanazidi kuwa matamu, kwa sababu alama ya dola inadaiwa na wote wawili. Ukiandika $f, Make inaiwahi, inatafuta kigeu chake kiitwacho f, haikipati, na kuikabidhi sheli patupu. Kitanzi kinazunguka idadi kamili ya mafaili bila kushika hata moja, wala hakilalamiki. Dawa ni kuandika $$f.

Watumiaji wa Macintosh walilelewa tofauti. Kwao diski iliitwa kwa maneno ya kawaida. Hata ile iliyokuja na mashine iliitwa Macintosh HD, nafasi ikiwa katikati. Machi 2001 Apple ikatoa Mac OS X, na chini yake kulikuwa na Unix. Desturi mbili zikahamia nyumba moja bila kutambulishana.

Novemba mwaka huohuo ikatoka iTunes 2.0. Skripti ya kuiweka ilitakiwa kwanza kufuta toleo la zamani, na ilipewa njia ya diski kupitia kigeu $2. Aliyeiandika hakukizungushia alama za kunukuu. Chukua mtu mwenye diski mbili, moja Muziki, nyingine Muziki Mpya. Akiiweka iTunes kwenye Muziki Mpya, sheli inaikata njia penye nafasi, na amri ya kufuta inaishia kwenye neno Muziki. Diski ya kwanza, ambayo haikuhusika kabisa, inafutwa yote. Watu walipoteza data zao hivyo. Apple iliiondoa haraka na kutoa 2.0.1, alama za kunukuu zikiwa mahali pake.

Januari 2015 ikawa zamu ya Steam kwenye Linux. Skripti yake ilikuwa na kigeu STEAMROOT, kilichotakiwa kubeba anwani ya folda ya programu. Mtu mmoja aliihamisha folda hiyo, kigeu kikabaki kitupu, na amri ya kufuta kila kilichomo ndani ya folda ikaanzia kwenye mzizi wa kompyuta. Juu ya mstari huo mwandishi wake alikuwa ameacha maoni ya neno moja tu, kwamba unatisha. Alama za kunukuu alikuwa ameziweka.