Ngoma za Commodore 64: Mashine Ilishakufa, Muziki Bado Unapigwa, Ila Watunzi Wengine Hawajulikani Mpaka Leo

Mwanzoni mwa mwaka 2007 kuliibuka zogo kubwa mtandaoni. Watu waliuchukua wimbo "Do It" wa Nelly Furtado, uliokuwemo kwenye albamu ya Loose ya mwaka 2006 na kupikwa na prodyuza Timbaland, wakauweka sambamba na kipande cha muziki wa kompyuta ambacho dunia ya kawaida ilikuwa haijawahi kukisikia. Vilifanana kiasi kwamba watu walishika vichwa. Kipande chenyewe kinaitwa "Acid Jazzed Evening". Kilitungwa na jamaa mmoja wa Finland kwa kompyuta ya Amiga na kikashinda shindano kwenye tamasha la Assembly mwaka 2000. Mwaka 2002 jamaa mwingine wa Norway akakipanga upya ili kipigwe na Commodore 64.

Sasa hapo ndipo wengi walipobaki na swali. Commodore 64 ni mashine ya mwaka 1982. Kampuni yake ilifilisika mwaka 1994 na uzalishaji ukaishia hapo. Iweje mwaka 2007 watu wawe na ngoma zake kwenye kompyuta za kawaida, wakazisikiliza kama MP3 tu?

Jibu lake ni kazi ya miaka mingi ya watu ambao hawakulipwa, na majina yao wengi wenu hamjawahi kuyasikia.

MASHINE YENYE SAUTI TATU TU

Tuanze na mashine yenyewe. Commodore 64 ilioneshwa kwa mara ya kwanza Januari 1982 kwenye maonesho ya Las Vegas, Marekani, ikaingia sokoni Agosti mwaka huohuo kwa dola 595. Hiyo 64 ni kilobaiti 64 za kumbukumbu. Picha moja tu ya simu janja ya leo isingeenea humo. Watu waliichomeka kwenye TV ya sebuleni, wakaweka kaseti, wakasubiri dakika kadhaa mpaka mchezo upande.

Kilichoifanya itofautiane na wenzake ni chipu ya sauti iliyoitwa SID, namba 6581. Aliyeibuni ni Bob Yannes wa MOS Technology, kampuni iliyokuwa chini ya Commodore. Huyu alikuwa mtu wa sinthesaiza, siyo mtu wa kuridhika na kompyuta inayolia "pii, pii". Alitamani chipu yake iwe na sauti nyingi, lakini muda ulikuwa mdogo, zikabaki tatu. Ila hizo tatu zilikuwa na uwezo wa ajabu. Kila moja inachagua aina ya mlio, mmojawapo ukiwa ni kelele kama redio iliyokosa stesheni. Unapanga mlio uingie kwa kasi gani na ufifie vipi, halafu unaupitisha kwenye filta ukitaka uwe mzito au mkali. Baadaye Yannes akawa miongoni mwa waanzilishi wa Ensoniq, kampuni ya kutengeneza sinthesaiza, kwa hiyo utaona hakubahatisha.

Sauti tatu maana yake ni hesabu kali. Ukitoa moja ya besi na moja ya ngoma, imebaki moja ya kuimba. Na mchezaji akifyatua risasi kwenye mchezo, mlio wa risasi nao unaweza kunyang'anya sauti mojawapo. Watunzi wakagundua ujanja. Badala ya kupiga noti tatu kwa pamoja, waliifanya sauti moja iruke kutoka noti hadi noti kwa kasi sana, hadi sikio linadanganyika kwamba ni noti zote kwa mkupuo. Ule mlio wa kumeta-meta unaousikia kwenye muziki wa michezo ya zamani ulianzia kwenye shida, siyo mbwembwe.

HAKUNA ALIYEREKODI KITU

Hapa ndipo penye kiini cha stori nzima. Muziki wa Commodore 64 haukuwa rekodi. Hakukuwa na studio wala tepu. Kila ngoma ilikuwa programu, yaani maagizo ambayo prosesa ya mashine inayasoma mara 50 kwa sekunde kwenye TV za Ulaya, na kila mara inaiambia chipu ya SID ibadilishe hiki na kile. Rob Hubbard, Mwingereza aliyetikisa na muziki wa michezo kama Monty on the Run na Commando mwaka 1985, alijiandikia mwenyewe programu ya kupigia muziki wake. Mtunzi alikuwa fundi na programa kwa wakati mmoja.

Faida yake ni kwamba ngoma nzima ilienea kwenye kilobaiti chache tu. Hasara yake ni kubwa zaidi. Rekodi unaweza kuihamisha kutoka santuri kwenda kaseti, kutoka kaseti kwenda CD. Programu ikikosa mashine yake inabaki namba zisizo na maana. Kwa hiyo Commodore 64 zingeisha zote, muziki wote ungekuwa bubu.

Hata mashine za nchi mbili tofauti hazikupatana. TV za Marekani zinakwenda mara 60 kwa sekunde, si 50. Ngoma iliyotungwa Uingereza ikipigwa kwenye mashine ya Marekani bila kurekebishwa inakimbia kwa asilimia 20. Wamarekani wengine walikua wakiamini ndiyo kasi yake.

WALIOJENGA MASHINE YA KUIGIZA

Mwaka 1990 jamaa wawili walitoa programu ya PlaySID kwa ajili ya kompyuta ya Amiga. Wazo lao lilikuwa hivi: ingia ndani ya mchezo, tafuta sehemu yenye muziki peke yake, ichomoe, ihifadhi kwenye faili dogo, kisha jenga prosesa ya bandia na chipu ya SID ya bandia ndani ya Amiga ili zilisome faili hilo. Programu za namna hii huitwa emuleta. Hazichezi rekodi ya zamani. Zinaidanganya ngoma iamini kwamba bado ipo ndani ya Commodore 64 ya mwaka 1985.

Katikati ya miaka ya 90 programa wa Ujerumani akaleta SIDPLAY, na kazi hiyo ikaingia kwenye kompyuta za kawaida. Kuelekea mwisho wa miaka hiyo mwingine akaja na reSID, aliyeamua kuigiza chipu hatua kwa hatua, kila pigo la saa yake, karibu mara milioni moja kwa sekunde. Waliofanya hayo walikaa usiku na chipu halisi mezani, wakipima, wakisikiliza, wakirekebisha.

Ugumu mkubwa ulikuwa filta. Filta ya 6581 haikutoka kiwandani ikiwa sawa kwa kila chipu. Ngoma moja kwenye mashine mbili inaweza kusikika nzito kwako na nyepesi kwa jirani. Sasa emuleta iigize ipi? Mashabiki wanabishana mpaka kesho kuhusu sauti "halisi", kumbe kila mmoja anaitetea Commodore ya sebuleni kwao.

KASORO ILIYOGEUKA KUWA NGOMA

Kuna kisa kinachoonesha kwa nini kazi hii si ya mchezo. Chipu ya 6581 ilikuwa na kasoro: ukibadilisha kiwango cha sauti ghafla, inatoa mlio wa "tik". Waprograma wajanja wakaona hapo pana fursa. Wakawa wanabadilisha kiwango hicho maelfu ya mara kwa sekunde, zile "tik" zikaungana na kutoa ngoma za kweli, hadi maneno ya binadamu. Ni kama kupata sauti ya nne bure.

Baadaye ikaja chipu mpya, 8580, na mafundi walikuwa wameirekebisha kasoro ile. Matokeo yake, kwenye mashine mpya zile ngoma zilisikika kwa mbali sana, karibu kimya. Kwa hiyo emuleta nzuri inatakiwa ijue chipu zote mbili, na iigize hata makosa. Ukiisafisha sana unaua muziki.

NANI ALITUNGA HII?

Kupiga ngoma ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumjua mwenyewe. Michezo mingine iliandika jina la mtunzi kwenye skrini, mingine haikuandika chochote. Kijana alitunga, akalipwa chake, mchezo ukauzwa, basi.

Waliobuni faili la SID waliliwekea nafasi tatu kichwani: jina la ngoma, jina la mtunzi, na mwaka pamoja na aliyeitoa. Kila nafasi ina herufi 32 tu. Mwaka 1996 kundi la wanaojitolea likaanzisha mkusanyiko uitwao High Voltage SID Collection. Leo una ngoma zaidi ya 50,000, na bado unasasishwa. Kazi yao haikuishia kuchomoa muziki kwenye michezo. Walisoma kodi, wakalinganisha mitindo ya kuandika programu, wakawauliza watunzi wenyewe wakiwa watu wazima, ili ile nafasi ya pili isibaki tupu.

Bado kuna zilizobaki. Ukifungua baadhi ya mafaili, mahali pa mtunzi unakuta alama ya kuuliza peke yake. Muziki unapigwa safi, besi ipo, filta ipo, kila kitu kipo isipokuwa mtu.

Tukirudi kwa Timbaland, kesi ilifunguliwa Marekani na kampuni iliyonunua haki za ile rekodi ya Commodore 64. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa iliithibitisha hukumu dhidi ya kampuni hiyo. Sababu yake ilikuwa usajili: kazi haikusajiliwa Marekani kabla ya kufungua kesi. Mahakama haikufikia kuamua kama kipande kilichukuliwa au la. Lakini angalia tofauti. Mtunzi wa Finland na mpangaji wa Norway walijulikana tangu siku ya kwanza ya zogo, kwa sababu majina yao yalitembea pamoja na muziki. Yule wa alama ya kuuliza, ngoma yake ikitokea kesho kwenye wimbo wa staa, nani atampigia simu?

Ndiyo maana wale jamaa wa emuleta wanastahili heshima yao. Waliokoa sauti ya mashine iliyokufa, kisha wenzao wakaanza kuwatafuta wenye sauti mmoja mmoja. Hiyo ya pili haijaisha.

Mdau, wewe unaonaje? Ngoma inaweza kuwa hai wakati mwenyewe hajulikani? Na wale mnaopiga biti kwenye kompyuta za nyumbani, mafaili yenu yana majina yenu ndani au yameandikwa "beat mpya 2" tu? Dondosha maoni yako hapo chini.