Hesabu Zilizongoja Ushahidi wa Tope

Mwaka 1859 Mskoti mmoja wa miaka 38, James Croll, alipata kazi ya kutunza jengo katika chuo kimoja mjini Glasgow. Shule aliiacha akiwa na miaka 13. Alikwishakuwa seremala, muuza chai, mwenye hoteli na wakala wa bima, na hakuna hata kazi moja iliyomkalia vizuri. Hii ya chuoni ilimfungulia mlango wa maktaba, na humo akazama katika swali lililowasumbua wanajiolojia wa Ulaya: kwa nini barafu nene iliwahi kufunika kaskazini mwa dunia, ikayeyuka, kisha ikarudi tena?

Mwaka 1864 Croll alichapisha jibu lake: chanzo kimo katika safari ya Dunia kulizunguka Jua. Njia ya safari hiyo hubadilika umbo, mara karibu na duara, mara imevutika kidogo, kwa vipindi vya takriban miaka 100,000. Mhimili wa Dunia nao huinama kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 na kurudi, kila miaka 41,000. Tena huyumba kama pia inayozunguka, hivyo majira ambayo Dunia hulikaribia Jua huhama taratibu, kwa mizunguko ya miaka 19,000 hadi 23,000.

Croll aliamini kwamba baridi kali ya kipupwe ndiyo iliyozaa barafu. Hesabu zake zilionyesha kuwa enzi ya mwisho ya barafu ilikwisha yapata miaka 80,000 iliyopita. Wanajiolojia walipopata dalili kwamba barafu iliondoka juzi tu kwa kipimo chao, kama miaka 10,000, nadharia yake ikawekwa kando.

Aliyeifufua alikuwa mhandisi wa zege. Milutin Milanković, Mserbia, aliacha kazi nzuri Vienna mwaka 1909 akaenda kufundisha hisabati Belgrade. Vita vya 1914 vilimkuta kijijini kwao Dalj, ndani ya himaya ya Austria-Hungary, akiwa fungate na mkewe. Akakamatwa na kutiwa ndani. Kwa maelezo yake mwenyewe, usiku wa kwanza kifungoni alitoa karatasi zake sandukuni akaendelea kukokotoa. Baadaye aliruhusiwa kuishi Budapest, na miaka iliyobaki ya vita akaitumia katika maktaba ya Chuo cha Sayansi cha Hungary.

Kitabu chake cha mwaka 1920 kilimfikia Wladimir Köppen, bingwa wa tabianchi wa Ujerumani. Köppen ndiye aliyempa ufunguo ambao Croll aliukosa: jambo la kutazama ni kiangazi cha kaskazini. Kiangazi kikiwa na jua hafifu, theluji ya kipupwe haiyeyuki yote. Ya mwaka unaofuata hulala juu yake, na barafu huanza kujijenga. Milanković akakokotoa kwa mkono nguvu ya jua la kiangazi kwa zaidi ya miaka 600,000 iliyopita. Inastahili kukumbukwa kwamba hakuwa na kompyuta.

Hata hivyo hesabu peke yake haikutosha. Miaka ya 1950 vipimo vipya vya umri vilionekana kumpinga, na alipofariki mwaka 1958 wengi walikuwa wameshamtupa mkono.

Ushahidi ulitoka chini ya Bahari ya Hindi. James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walichunguza nguzo mbili za tope zilizochimbwa kusini mwa bahari hiyo, zenye kumbukumbu ya miaka 450,000. Ndani yake mna magamba ya viumbe wadogo sana. Maji yenye oksijeni nyepesi huwa mepesi kuvukizwa. Yakinaswa katika barafu ya nchi kavu, bahari hubaki na sehemu kubwa zaidi ya oksijeni nzito, na magamba hubeba alama hiyo. Desemba 1976 watatu hao walitangaza kwamba alama zile zilipanda na kushuka kwa mizunguko ileile ya hesabu. Kwa nini ule wa miaka 100,000 ulitawala katika miaka milioni moja iliyopita, ilhali awali ulitawala wa 41,000, wanasayansi wanabishana hadi leo.

Afrika ina kumbukumbu yake, na huku kilichoamua zaidi ni mvua. Yapata miaka 11,000 iliyopita Dunia ilikuwa karibu na Jua wakati wa kiangazi cha kaskazini, si Januari kama sasa. Bara likapata joto zaidi, likavuta pepo za monsuni kwa nguvu, na Sahara ikawa na maziwa, mbuga na viboko. Hali hiyo ilififia jua la kiangazi lilipopungua.

Kitambo sana kabla ya hapo, kati ya miaka milioni 2.7 na 2.55 iliyopita, Baringo nchini Kenya palikuwa na maziwa yenye kina yaliyojaa na kukauka kwa zamu. Kila yalipojaa, mwani mdogo uitwao daiatomu uliacha tabaka jeupe la daiatomaiti. Yalipokauka, mchanga na udongo wa mito ukalifunika. Umri wa matabaka hayo unalingana na mzunguko wa takriban miaka 23,000. Somo hili hufundishwa kwa michoro ya barafu ya Ulaya. Walimu wa jiografia wa Afrika Mashariki waanze na Baringo.