Hifadhidata hujisafisha, lakini haijitunzi

TAARIFA za mama mjamzito, mtoto aliyechanjwa au mgonjwa wa malaria katika kata kama Litapunga, mkoani Katavi, huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila mwisho wa mwezi tarakimu hizo hujumlishwa na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao ulienezwa nchini kote mwaka 2013.

DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, hutunza takwimu zake katika PostgreSQL, ambayo ni hifadhidata ya uhusiano. Hifadhidata za aina hiyo zinatokana na nadharia iliyochapishwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM. Data hupangwa katika majedwali yanayounganishwa kwa namba za utambulisho. Jina la zahanati huandikwa mara moja tu, na takwimu zake zote huelekezwa kwenye namba yake.

Je, hifadhidata ya namna hiyo inahitaji usimamizi kiasi gani? Kazi ya kila siku ni ndogo, lakini ile iliyopo haina mbadala.

Usafishaji

Tarakimu inaposahihishwa, PostgreSQL haifuti ya zamani papo hapo. Huandika mstari mpya na kuuacha ule wa awali usubiri kusafishwa. Tangu toleo la 8.3 lililotoka mwaka 2008, usafishaji huo hujiendesha wenyewe, na nafasi inayopatikana hutumika tena. Hata hivyo, ukisimama kwa muda mrefu, hifadhidata huvimba, na hatimaye inaweza kukataa maandishi mapya ili kuyalinda yaliyopo.

Nafasi ya diski

Majedwali si mzigo pekee. Faharasa zinazoharakisha utafutaji, pamoja na kumbukumbu za miamala, nazo hula nafasi. Diski ikijaa, hifadhidata huacha kupokea data. Hakuna programu inayoweza kununua diski nyingine. Ni lazima mtu afuatilie ongezeko hilo na kuomba fedha mapema.

Nakala za akiba

Nakala iliyowekwa kwenye diski ileile hupotea pamoja na data yenyewe. Isiyowahi kujaribiwa kurejeshwa nayo haina uhakika. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kuu ya PostgreSQL. Ilibainika kuwa baadhi ya njia za kuweka akiba hazikuwa zikifanya kazi, na data ya takribani saa 6 ikapotea.

Kwa takwimu za jumla, vitabu vya zahanati ni kinga: zikipotea, zinaweza kuingizwa upya, japo kwa jasho. Hali hubadilika kituo kinapoacha karatasi na kuandika kila mgonjwa kwenye kompyuta. Hapo historia ya chanjo ya mtoto au dozi ya mgonjwa ikipotea, hakuna kitabu cha kurejea.

Kwa hiyo halmashauri inayonunua seva haina budi pia kumteua mtu wa kuangalia nafasi ya diski kila wiki, kuhakikisha nakala zinahifadhiwa mahali pengine, na kujaribu kuzirejesha mara kwa mara. Kazi hizo hazihitaji ofisi kubwa. Zinahitaji mwenye dhamana anayejulikana.