AMANDA (programu ya kompyuta)

Amanda ni programu huria iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili kompyuta moja ipate kukusanya kwa njia ya mtandao nakala za akiba za kompyuta nyingi na kuziandika katika tepu za sumaku. Msimamizi huiongoza kwa amri za maandishi: amcheck hukagua mapema kwamba tepu iliyopakiwa ndiyo itakiwayo, amdump, ikiamshwa na cron, programu ya ratiba, kwa saa iliyopangwa, huweka nakala kwanza katika diski ya muda, kisha katika tepu, amflush huhamishia tepuni zile zilizosalia diskini, nayo amrecover hurejesha faili zilizopotea. Katika ofisi zenye dhamana ya kumbukumbu za umma, kama zilivyo za Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, tepu iliyowekwa mbali na kompyuta ni amana yenye thamani, kwa kuwa haihitaji umeme ili kutunza yaliyomo. Walakini haipasi kuhesabiwa salama mpaka urejeshaji wake umejaribiwa na kuthibitika.