Miiko ya Nyonga Bandia: Ilivyowekwa na Ilivyolegezwa

Mtu aliyebadilishiwa nyonga hutoka hospitali na karatasi ya miiko. Asikunje paja kupita nyuzi 90, yaani goti lisipande juu kuliko nyonga anapoketi, asipishanishe miguu, asigeuze vidole vya mguu kuelekea ndani, asiinamie kiatu wala kitu kilichoanguka, alale chali, mto ukiwa katikati ya mapaja. Kwa miongo kadhaa miiko hii ilishikwa kwa wiki 6 hadi miezi 3, na wapo walioambiwa waishike maisha yao yote. Mingine ilitokana na ukubwa wa kichwa bandia kilichotumika, mingine na mahali kisu kilipopita, na mingine, kusema kweli, ilikuwa desturi ya wodi iliyorithiwa bila kuhojiwa.

Nyonga ya kuzaliwa haiteguki ovyo. Kichwa cha mfupa wa paja, chenye kipenyo cha takriban milimita 45 hadi 50, hukaa ndani kabisa ya kikombe cha fupanyonga, kikiwa kimefungwa na mfuko wa kano nene na misuli ya matako. Kwa kawaida huhitaji kishindo kikubwa, kama cha ajali ya gari, kukitoa mahali pake. Upasuaji hukata sehemu ya ulinzi huo ili kupata njia, kisha huweka kichwa kingine ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko cha awali.

Wa kwanza kujulikana kwa kuweka nyonga bandia ni Themistocles Gluck wa Berlin, aliyetumia pembe za ndovu mwaka 1891, siku ambazo Zanzibar ilikuwa bado soko kubwa la pembe hizo. Viungo vyake havikudumu kwa sababu ya maambukizi. Mwaka 1923 Marius Smith-Petersen wa Boston alijaribu kukifunika kichwa cha mfupa kwa kikombe cha kioo, ambacho kilivunjika, na mwaka 1938 akahamia kwenye vitaliamu, metali ya mchanganyiko wenye kobalti. Mwaka huohuo Philip Wiles wa London aliweka nyonga nzima ya chuma cha pua. Hadi hapo, swali lilikuwa kama kiungo kitadumu. Jinsi mgonjwa atakavyoketi halikuwa jambo la kuumiza vichwa.

Hali ilibadilika kwa kazi ya John Charnley katika hospitali ya Wrightington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Charnley alitaka kupunguza msuguano, na hesabu zake zilimwonyesha kwamba kichwa kikiwa kidogo, nguvu inayokitikisa kikombe na kukilegeza hupungua. Akachagua kichwa chenye kipenyo cha milimita 22 na ushei, chini ya nusu ya kile cha kuzaliwa. Vikombe vyake vya mwanzo, vya Tefloni, viliwekwa kwa wagonjwa wapatao 300 na vikalika ndani ya miaka michache. Chembe zake ziliwasha nyama zilizouzunguka mfupa. Alipopata plastiki ngumu ya polithini, alijipandikizia vipande vya Tefloni na vya plastiki hiyo katika paja lake mwenyewe ili aone mwili utavipokeaje. Novemba 1962 alianza kuitumia kwa wagonjwa, na muundo wa kichwa cha metali ndani ya kikombe cha polithini, vyote vikishikizwa kwa saruji ya akriliki, ukawa kipimo cha dunia nzima.

Kichwa kidogo kilikuwa na gharama yake. Kikombe hakikumbatii kichwa chote; kichwa kikisogea umbali wa takriban nusu ya kipenyo chake, kinachomoka. Charnley alilijua hilo. Ili kufungua njia alikata kifundo kikubwa cha juu ya paja pamoja na misuli yake, na mwishoni akakirudisha kwa waya, kikivutwa chini kidogo ili misuli ikaze na kukibana kichwa ndani ya kikombe. Mfupa huo ulipaswa kuunga. Ndiyo maana wagonjwa wake walilazwa siku nyingi, miguu ikitenganishwa kwa mto wa pembetatu. Basi sehemu ya miiko ya mwanzo ililinda waya na mfupa uliokatwa, na mto ule ulibaki wodini hata baada ya madaktari wengi kuacha kukikata kifundo hicho.

Nchini Marekani njia nyingine ilikuwa imeenea. Austin Moore wa South Carolina aliielezea katika miaka ya 1950: kisu hupita nyuma, kwenye matako, na kukata misuli mifupi inayougeuza mguu nje pamoja na mfuko wa kiungo wa upande huo. Njia hii huiacha salama misuli inayomsaidia mtu kutembea bila kuchechemea, na upasuaji huenda haraka. Ukuta wa nyuma ndio hubaki dhaifu. Paja likikunjwa sana, likavutwa ndani na kuzungushwa ndani, kichwa husukumwa kuelekea pale palipokatwa. Mienendo hiyo mitatu ndiyo uti wa miiko inayojulikana leo. Kiti kifupi, choo kifupi, kiatu na soksi vimo katika orodha kwa sababu humlazimisha mtu kuunganisha miwili au yote mitatu kwa mara moja. Aliyepasuliwa kwa mbele huogopewa kinyume chake: kuusukuma mguu nyuma na kuuzungusha nje.

Takwimu ziliipa hofu hiyo uzito. Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake walichunguza nyonga 300 wakaona kwamba kikombe kilicholazwa ndani ya nyuzi fulani kiliteguka kwa asilimia 1.5, na kilichowekwa nje ya nyuzi hizo kwa asilimia 6.1. Mwaka 1982 Woo na Morrey wa Mayo Clinic walitangaza hesabu ya nyonga 10,500: asilimia 3.2 ziliteguka, zaidi ya nusu ya hizo ndani ya miezi 3 ya kwanza, na njia ya nyuma ilikuwa na madhara zaidi. Miezi 3 ya karatasi za wagonjwa ina mantiki hapo, kwa kuwa ndio muda ambao kovu hujenga mfuko mpya kuzunguka kiungo.

Nafuu iliyokuja baadaye ilitoka chumba cha upasuaji. Mwaka 1998 Pellicci na wenzake walionyesha kwamba kuishona upya misuli na mfuko wa nyuma kulishusha kuteguka kutoka asilimia 4 hadi sufuri katika kundi moja la wagonjwa, na kutoka asilimia 6.2 hadi 0.8 katika jingine. Plastiki mpya, isiyolika haraka, iliruhusu vichwa vya milimita 32 na 36. Ufaransa nayo ilikuwa imetoa, tangu miaka ya 1970, kikombe cha Gilles Bousquet chenye mizunguko miwili, ambacho kichwa chake huchomoka kwa shida zaidi.

Mwaka 2005 miiko yenyewe ilipimwa. Madaktari wa Philadelphia waliwagawa kwa kura wagonjwa 265, wenye nyonga 303, wote wakiwa wamepasuliwa kwa mbele-kando. Kundi moja lilipewa mto wa kutenganisha miguu, viti na vyoo vya kuinuliwa, na likakatazwa kulala ubavu na kupanda gari. Kundi la pili halikupewa masharti hayo ya ziada. Ilitokea kuteguka kumoja tu, tena katika kundi lenye masharti, mgonjwa akihamishwa kutoka meza ya upasuaji kwenda kitandani huku mto umefungwa. Wasio na masharti walirudi kazini mapema na waliridhika zaidi. Utafiti huu hutajwa mara nyingi kama uliofuta miiko, na huko ni kuusingizia: makundi yote mawili yaliambiwa yasikunje paja kupita nyuzi 90 kwa wiki 6, wala yasipishanishe miguu. Kilichoonekana kutohitajika ni vifaa na makatazo ya juu yake.

Orodha hizi ziliandikwa kwa ajili ya nyumba zenye kitanda kirefu, kiti na choo cha kukaa. Afrika Mashariki, ambako upasuaji huu hufanywa katika hospitali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mtihani uko kwingine: choo cha kuchuchumaa, mkeka, kigoda cha jikoni, mbuzi ya kukunia nazi. Kuchuchumaa hulikunja paja kupita mbali nyuzi 90, na sijida vilevile. Kwa ibada njia ipo, kwani fikihi humruhusu mgonjwa kusali ameketi kitini. Kwa choo, kiti imara cha mbao chenye tundu, kikiwekwa juu ya shimo, hutosha. Karatasi inayotaja soksi na kuisahau mbuzi haijamwandaa mgonjwa wa Tanga.

Siku hizi hospitali nyingi za Ulaya na Marekani zimelegeza miiko, hasa kwa waliopasuliwa kwa mbele au kando. Haijalegezwa sawasawa kwa wote: aliyewahi kuungwa pingili za kiuno, anayerudiwa upasuaji, au ambaye misuli yake ni dhaifu bado yuko katika hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo karatasi ya jirani, hata kama alipasuliwa hospitali hiyohiyo, isifuatwe. Aulizwe daktari aliyeshika kisu alipitia upande gani, aliweka kichwa cha ukubwa gani, na anataka miiko ishikwe kwa wiki ngapi.