Ireneo wa Lyon: Askofu Aliyeomba Radhi kwa Lugha Yake

Ireneo hutajwa zaidi katika historia ya Kanisa, lakini kisa chake kinatuhusu pia sisi wa lugha na tafsiri.

Alitoka Asia Ndogo, na utotoni alimsikia Polikarpo, askofu wa Smirna (Izmir ya leo, Uturuki). Baadaye alihamia Lyon, katika Ufaransa ya leo. Mwaka 177 Wakristo wa huko waliteswa, na askofu wao Pothino, mzee wa miaka zaidi ya 90, akafia gerezani. Ireneo, padri wakati huo, alikuwa ametumwa Roma kupeleka barua. Ndiye aliyeshika nafasi ya Pothino.

Yapata mwaka 180 aliandika kwa Kigiriki vitabu vitano dhidi ya Wagnosti, waliodai kuwa na elimu ya siri iletayo wokovu. Katika dibaji anamwomba msomaji radhi: asitarajie ufasaha kwa mtu aishiye kati ya Wakelti na kutumia lugha ya kigeni karibu kila siku. Tusimwamini sana, waandishi wa zama zile walipenda kujishusha hivyo. Hoja zake ni za msomi. Wapinzani wake, asema, ni kama mtu anayebomoa picha ya mfalme iliyoundwa kwa vijiwe vya thamani, akavipanga upya vikatoa mbweha, kisha akadai kuwa huyo ndiye mfalme. Anachukua pia mistari ya Homer kutoka sehemu mbalimbali na kuiunga iwe kisa kipya: kila mstari ni wa Homer, kisa sicho. Mwalimu aliyewahi kusahihisha insha yenye dondoo zilizong'olewa kwenye muktadha wake atamwelewa upesi.

Sehemu kubwa ya Kigiriki chake imepotea. Kazi hiyo imebaki nzima kwa Kilatini tu, katika tafsiri ya neno kwa neno, isiyopendeza kusoma. Leo tungeikosoa darasani, ila ni uzito huohuo unaowasaidia wataalamu kukisia Kigiriki cha awali. Kitabu chake kingine kifupi kilidhaniwa kimepotea hadi 1904, kilipopatikana Yerevan kwa Kiarmenia.

Na wapinzani? Kwa karne nyingi walijulikana hasa kupitia kalamu ya adui wao. Mwaka 1945 maandishi ya Kikopti yalifukuliwa karibu na Nag Hammadi, Misri. Baadhi yanathibitisha kwamba Ireneo aliyasoma mafundisho yao kwa makini. Mengine yana sala na ushairi ambao msomaji wake asingeuhisi kamwe.